Alikusifu Sana

Kwa miaka minne watu wamenisimamisha barabarani, dukani, hata kwenye foleni ya daktari wa meno huku shavu limenivimba, ili kuniuliza swali lile lile: Mchezesha ni nani? Nami nimewajibu kwa tabasamu la mtu anayejua siri. Sikujua lolote. Mwandishi mzima wa mchezo wa redio unaosikilizwa nchi nzima, na mtu wangu mbaya sikumjua.

Niwaeleze kwanza huyo Mchezesha, maana ndiye aliyenipa jina mjini. Ni mtu asiyeonekana: msikilizaji anasikia sauti yake tu, hajui ni ya nani kati ya watu wa mchezo. Zamani, kabla ya sehemu ya kwanza ya mchezo wetu, alikuwa akizunguka mashuleni na sanduku la vikaragosi. Anajificha nyuma ya shuka, anavuta nyuzi, watoto wanavunjika mbavu kwa kicheko. Kisha akagundua kwamba watu wazima hawahitaji hata nyuzi. Hapigi mtu, haibi, hatukani. Anamnong'oneza huyu kidogo, yule kidogo, na dakika ishirini na tano zikiisha mtu kaacha kazi, ndugu wamegombana, mkuu wa shule kajiuzulu, na kila mmoja anaapa kwamba ni uamuzi wake mwenyewe. Wasikilizaji walimchukia mpaka wakampenda. Nimesoma vitabu vya namna hii tangu utotoni, vile vya karatasi nyepesi na majalada ya kutisha, na humo kila mara kuna bwana mkubwa mwenye miwani myeusi na pete nene, anakaa gizani na kucheka peke yake. Niliwaona wapuuzi wote. Mtu anayecheka peke yake atajulikana tu.

Mchezesha wetu hakucheka, na sifa hiyo si yangu. Jina lililosomwa redioni lilikuwa langu, lakini ujanja wote ulikuwa wa dada yangu.

Tulikuwa na utaratibu wetu. Jumamosi asubuhi nilikaa kwenye meza ya chakula na kompyuta yangu kuukuu yenye herufi zilizofutika, naye alisimama upande wa pili akipiga pasi. Dada hupiga pasi kila kitu: mashuka, vitambaa vya vyombo, hata soksi. Nilimsomea nilichoandika, akasikiliza bila kuinua macho, na nikifika mahali pabovu pasi ilisimama. Hakuhitaji kusema neno. Kisha alinipa maneno ya Mchezesha jinsi yanavyotakiwa kuwa, nami nikayaandika. Niliandika mbiombio bila kufikiri. Alichosema kiliingia masikioni kikatokea vidoleni, na kichwa changu chote kilikuwa kwenye kurasa: kumi na nane, isizidi hata moja, la sivyo mtayarishaji atanipigia kelele mbele ya waigizaji.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka arobaini na tisa, na nilikuwa nangoja barua. Makao makuu ya redio yetu yako mji mwingine, safari ya siku nzima, na huko walikuwa wanatafuta mkuu wa idara ya michezo ya redio. Kila tawi lilitakiwa kupeleka jina moja. Mtayarishaji wetu, ambaye tunamwita Kofia kwa sababu haivui hata akiwa studio, aliniambia mapema, "Jina litakuwa lako, dada. Nani mwingine?" Sikumwambia mtu ila dada yangu. Nilianza kuamka asubuhi nikiwa na furaha, jambo ambalo lilinishangaza mwenyewe, kwa kuwa sikuwa nimeizoea.

Sijawahi kuishi nyumba nyingine isipokuwa ya mama. Nilipokuwa na miaka ishirini na sita mama alipigwa na kiharusi, upande wa kulia wote ukafa. Dada alikuwa ameshaolewa, anaishi ng'ambo ya mji na mume wake na mtoto mchanga. Mimi nilikuwa bado nyumbani, na nilikuwa na mchumba. Alikuwa mpima ardhi, mtu mrefu ambaye viatu vyake havikuisha vumbi, na kila alipokaa sebuleni kwetu alipima chumba kwa macho na kunitajia urefu wake. Alikuwa hakosei.

Miezi mitatu baada ya mama kuugua, Mpima alikuja Jumapili moja, akakaa ukingoni mwa kiti, akanywa chai nusu kikombe, akasema, "Sitaki kuwa mtu wa kukutenganisha na mama yako." Mimi niliona mwanamume anayekimbia harufu ya chumba cha mgonjwa na kutafuta mlango wa heshima wa kutokea. Nikamwambia sawa, nikamfungulia huo mlango. Sikumuuliza swali hata moja. Nilikuwa na kiburi, na kiburi kile ndicho kilichonisimamisha miaka kumi na saba ya kumgeuza mama ubavu kwa ubavu, kumlisha kwa kijiko, kumfulia. Kila nilipochoka nilijiambia, yule alikuwa mwoga, bora alienda zake. Ilinisaidia sana kumdharau.

Dada alikuja kila Jumapili. Alileta machungwa, akakaa na mama saa moja, akanisifu mbele ya wageni mpaka nikaona haya. Mama alifariki miaka sita iliyopita. Mwaka uliofuata shemeji naye akafariki, na dada akarudi nyumbani na kitanda chake, pasi yake na presha yake. Tukawa wajakazi wawili wa nyumba isiyo na bwana, kama alivyopenda kutania.

Sasa turudi mezani, Jumamosi moja ya mwaka ule. Katika mchezo wetu kulikuwa na muuguzi mwenye mama mgonjwa, nilikuwa nimemchota humo humo nyumbani, na dereva wa lori aliyetaka kumuoa na kuhama naye. Mchezesha alihitaji muuguzi abaki mjini. Niliandika kwamba ameghushi barua ya mapenzi ya dereva kwa mwanamke mwingine. Sikufika nusu ya ukurasa, pasi ikasimama.

"Barua ya kughushi?" dada alisema. "Huyo si Mchezesha, huyo ni mwizi wa kuku."

"Basi picha. Dereva amekaa na mwanamke, wanacheka."

"Ovyo zaidi. Ukimsema mtu vibaya, mwenzake atakwenda kumuuliza, na wakishaulizana umekwisha. Msifu."

"Nimsifu nani?"

"Wote wawili. We andika tu."

Akaisimamisha pasi pembeni, akavuta kiti akaketi. Sijawahi kumwona akiketi katikati ya kupiga pasi.

"Dereva msindikize mpaka getini. Usimwambie ndani, ndani kuna masikio. Getini, mmeshaagana, ndipo unakumbuka. Binti huyu ana moyo kweli, unamwambia. Ameapa hatamwacha mama yake. Lakini hawezi kukuambia, maana anakupenda. Ukimwita atakufuata, halafu majuto yatamla huko. Basi, unafunga geti. Usiongeze neno. Kijana mwenye heshima zake atamaliza kazi iliyobaki."

"Na muuguzi?"

"Muuguzi mwambie jikoni, mnafuta vikombe. Mchumba wako mstaarabu, unamwambia. Nimemgusia habari ya mama, akanyamaza tu. Usimuulize, mwache apumue, wanaume wana mwendo wao." Akatabasamu akitazama mikono yake. "Hapo umemaliza. Huyu atangoja, yule atangoja, na kila mmoja ataona anamtendea mwenzake wema. Na hutakamatwa, maana hakuna aliyesemwa vibaya."

Niliandika neno kwa neno. Naapa sikusikia kitu. Niliona tu kwamba nimepata kurasa nne safi, na kwamba wiki hiyo Kofia hatapiga kelele. "Dada, wewe ni mtu hatari," nikamwambia, naye akacheka akarudia pasi yake. Alifurahi kweli siku ile. Baadaye nimejiuliza mara nyingi kwa nini alijifunua namna ile, na jibu ninalopata ni moja: alikuwa fundi, na fundi hawezi kukaa akitazama mtu anaiharibu kazi anayoijua.

Jumanne tukaingia studio. Ni chumba kidogo chenye zulia ukutani, meza moja, maikrofoni mbili, na kioo kinachotutenga sisi na waigizaji. Sauti ya Mchezesha aliifanya mama mmoja tuliyemwita Sauti Tatu, kwa kuwa mchezo mmoja aliweza kuwa bibi, mtoto na polisi. Ili asijulikane kama ni mwanamke au mwanamume, alisemea ndani ya ndoo ya plastiki. Ndoo ile ilimtia joto, kwa hiyo wakati wa mazoezi aliiweka chini na kusoma kwa sauti yake ya kawaida, sauti ya mwanamke mtu mzima. Fundi wa sauti alimpa kikombe na kitambaa, ili mlio wa kufuta vyombo usikike.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kioo na penseli, nakata maneno yaliyozidi. Sauti Tatu akaanza kufuta kikombe. Akasema, taratibu, bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi, "Nimemgusia habari ya mama. Akanyamaza tu."

Nikaiona jikoni yetu. Nikamwona dada na mtoto mgongoni, kitambaa mkononi, anafuta kikombe kimoja muda mrefu kuliko kilivyohitaji. Jioni ile Mpima alikuwa ametoka kwetu muda si mrefu, na dada alikuwa amemsindikiza. "Usimuulize," dada aliniambia wakati ule, "mwache apumue." Nami nikamwacha apumue. Nilimwacha wiki mbili, hata alipokuja kukaa ukingoni mwa kiti nilikuwa nimeshamchukia.

Maneno yale yale. Miaka ishirini na mitatu, na hakubadilisha hata neno, maana hayakuwa na kasoro. Na mimi niliyaandika kwa vidole vyangu nikamwambia ni mtu hatari.

"Huyu Sauti Tatu leo anamwiga nani?" Kofia alisema kando yangu. "Anaongea kama dada yako."

"Umemwona wapi dada yangu?"

"Si alikuja hapa mwezi uliopita. Alikuletea mwavuli, wewe ulikuwa umetoka. Mama mzuri yule. Nikamtoa mpaka getini."

"Akakwambia nini?"

"Aa, alikusifu sana."

Nikamgeukia. "Kofia, niambie alichosema. Chote."

Akaishika kofia yake, akaisogeza mbele, akairudisha nyuma. "Kwamba una moyo. Kwamba presha yake ilipopanda uliapa hutamwacha peke yake. Kwamba tukikuletea barua ya makao makuu utakwenda kwa kuona haya kunikatalia, halafu utaumia. Akaniomba nisikuambie, usije ukajisikia vibaya. Nilikuheshimu, dada yangu. Nikapeleka jina lingine."

"Lini?"

"Wiki tatu sasa. Barua yake imeshatoka."

"Na hukuniuliza?"

"Ningekuulizaje? Nilitaka kukuondolea aibu."

Nilitamani kumchoma na ile penseli. Kwa miaka kumi na miwili mtu huyu ameniuliza kila kitu, chai yake iko wapi, funguo ziko wapi, sehemu ijayo iko wapi, na siku moja tu ya maana akaona adabu kunyamaza. Lakini hata hasira sikuweza kuikamilisha. Mimi mwenyewe nilishamfungulia mtu mlango kwa adabu ile ile. Nyuma ya kioo Sauti Tatu aliinua dole gumba kuuliza kama imetoka vizuri. Nikamwambia imetoka vizuri, sasa achukue ndoo.

Mtu atauliza kwa nini sikwenda nyumbani moja kwa moja nikamkalia dada kooni. Nilikwenda. Nilifika nikamkuta amelala kidogo kwenye kiti, miwani imeshuka puani, mdomo wazi, na nilisimama mbele yake na swali langu limenijaa kinywani. Kisha nikajua kitakachotokea. Atanijibu. Atanijibu vizuri sana, kwa sauti ya chini, na kabla sijamaliza chai nitakuwa nimemshika mkono namwambia asilie, presha itapanda. Miaka minne nimeandika maneno yake. Nilijua uwezo wake kuliko mtu yeyote duniani. Nikaenda kuoga.

Alhamisi saa kumi na moja jioni mchezo ulirushwa. Tuliketi sebuleni kama kawaida. Maneno yale yalipotoka ndani ya ndoo, mimi sikuitazama redio, nilimtazama yeye. Alikuwa anakunja kitambaa. Akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena. Hakuniangalia. Mchezo ulipokwisha akasema, "Chai yako imepoa." Ndipo nikajua kwamba amejua kwamba nimejua.

Wiki zilizofuata tuliishi kwa heshima kubwa. Tulipishana mlangoni tukiombana radhi. Yeye alipika nilichopenda, mimi nilimpima presha asubuhi na kuandika kwenye daftari lake. Nilimfikiria Mpima, sikatai. Nilimwona mara moja, miaka iliyopita, duka la vifaa vya shule, ameshika mkono wa mwanawe na kichwa kimekuwa cheupe. Nilimpita na shingo juu. Sasa ningemwambia nini? Kwamba sikuapa? Angefanya nini na habari hiyo akiwa na mke mezani? Mzigo ule ulikuwa wangu peke yangu, na dharau iliyonisaidia kuubeba nilikuwa sina tena.

Kisha Kofia akasema mchezo uishe, na sehemu ya mwisho Mchezesha afichuliwe. Niliijua njia. Katika kazi yetu mtu aliyejificha lazima awe yupo tangu mwanzo, mbele ya macho ya wote, na awe mtu mwema. Muuguzi alikuwa na dada aliyemimina chai tangu sehemu ya kwanza. Katika barua zote za wasikilizaji waliobahatisha, hakuna hata mmoja aliyemtaja.

Jumamosi nilimsomea dada. Nilipofika mahali muuguzi anapoingia na kusema, "Dada, najua ni wewe," nilingoja pasi isimame. Haikusimama. Aliiendesha polepole sana, akasema, "Mpe nafasi ajieleze."

"Aseme nini?"

"Andika." Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Aseme hakuwa na chuki. Aseme alikuwa na mtoto mgongoni na mume asiyetaka mgonjwa nyumbani kwake, na mama yuko kitandani hawezi kujigeuza. Angekwenda mdogo wake, nani angemgeuza? Aseme alihesabu mikono, akaona ni miwili tu, na haikuwa yake. Aseme aliogopa."

"Aliogopa tu?"

"Na baadaye aliona haya. Miaka yote aliona haya. Kila Jumapili." Machozi yalimshuka kimyakimya. "Aseme mdogo wake ni mtu bora kuliko yeye."

Safari hii nilisikia kila neno. Nilisikia hata alichoruka: makao makuu, mwavuli, geti la redio. Hapo hapakuwa na mama kitandani, alikuwa yeye tu hataki kukaa peke yake. Nikaelewa anachokitaka. Alitaka nchi nzima imsamehe saa kumi na moja jioni, mimi nikiwa karani, bila yeye kupiga magoti wala mimi kumuuliza. Foronya ilianza kuungua chini ya pasi. Nikamwambia, akaitoa, tukafungua dirisha. Niliandika mpaka nukta ya mwisho, na yalikuwa maneno mazuri. Sijawahi kuandika mazuri kama yale.

Jumanne nilifika studio mapema nikayakata yote, kurasa mbili nzima. Sauti Tatu alikasirika. "Miaka minne nasemea kwenye ndoo, siku ya kuitoa ndoo ndiyo unaninyima maneno?" Nikamwambia asimame tu karibu na maikrofoni, avute pumzi. Muuguzi anaingia. Anasema, "Dada, najua ni wewe." Anageuka. Nyayo. Mlango. Muziki.

"Hizi sekunde nne za kimya," Kofia alisema, "watu watadhani redio imeharibika."

"Waache wadhani."

Alhamisi dada alioga mapema. Alivaa gauni lake zuri la rangi ya zambarau, akaketi mikono mapajani kama mtu anayengoja kuitwa ofisini. Muuguzi alipofungua mlango niliona midomo ya dada ikicheza, anayatanguliza maneno yake. Kikaja kimya. Zikaja nyayo, ukaja mlango, ukaja muziki. Aliendelea kuikodolea macho redio hata tangazo la sabuni lilipoanza.

"Mbona hakusema?"

"Hakuna aliyemuuliza."

"Lakini sasa watu watajuaje kwa nini?"

"Hawatajua."

"Umeikata," alisema.

"Ilizidi kurasa."

Alikwenda kubadili gauni. Nami nilidhani yameisha, kwamba nimemlipa, kwamba tutazeeka hivyo mpaka mmoja amzike mwenzake. Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa kuonewa huruma tu, na pengine ningestahili.

Jumapili ya pili baada ya hapo, dada alikuwa uani anaanika nguo na simu yake ililia mezani, nikaipokea. Alikuwa binti yake, yule yule aliyekuwa mgongoni. Anaishi mbali, na kwa miezi tisa dada alikuwa anashona vinguo na kusubiri. Sijawahi kumwona dada akiomba kitu waziwazi maishani mwake, lakini kila simu ilipolia aliinuka kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Mama mdogo!" binti alisema, na nyuma yake nilisikia kilio kidogo kikavu. "Nimejifungua! Wa kiume. Mama yuko wapi? Sikiliza, mimi na mume wangu tumekaa tumeongea, tunataka mama aje akae nasi. Si wiki mbili, moja kwa moja. Chumba tayari, kina dirisha la bustani. Atakubali?"

Nilimtazama dada kupitia dirishani. Alikuwa na vibanio viwili mdomoni, anavuta shuka linyooke. Nilielewa kila kitu kwa mara moja. Akienda, atakuwa amepata kitu pekee anachokitaka. Nami nitakuwa huru. Nafasi nyingine ikitokea, mji wowote, kazi yoyote, hakuna wa kunisifu kwa mtu getini. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwite.

"Mama yako ana moyo, mwanangu," nikasikia sauti yangu ikisema. "Ameapa hataondoka kwenye nyumba hii aliyofia mama yake."

"Kweli? Hajawahi kuniambia."

"Hawezi kukuambia. Anakupenda mno. Ukimwita atakuja, na atacheka mbele yako, ila huko moyoni atakuwa anadhoofika."

Nilimsikia binti akimbembeleza mtoto. "Basi nisimwambie?"

"Mpe habari za mtoto tu. Afurahi. Usimuulize, utamtia katika mtihani."

"Asante, mama mdogo. Bora umeniambia, ningemlazimisha bure." Alikuwa karibu kulia. "Una bahati kuwa naye."

Haikunichukua hata dakika mbili, na sauti yangu haikutetemeka popote. Sikumsema dada yangu vibaya.

Aliingia na beseni tupu kiunoni. Nikamwambia mwanao amejifungua, wa kiume, wote wazima, atapiga tena jioni. Beseni likamponyoka. Alicheka, akalia, akanikumbatia, na kwa kuwa nilikuwa nimesahau jinsi ya kumkumbatia nilisimama tu mikono ikining'inia. Kisha akajitenga kidogo, akaniangalia usoni, akauliza, yeye ambaye hajawahi kuuliza:

"Amesema niende?"

"Hajasema."

"Ndiyo kwanza kajifungua," alisema haraka. "Atasema. Lazima atasema. Mtoto wa kwanza, nani atamuogesha?" Alikwenda chumbani, nikamsikia anashusha sanduku juu ya kabati. "Nijiandae tu," alisema kutoka huko, "akinihitaji nisimcheleweshe."

Nilibaki pale mezani nikingoja nione raha. Nilingoja muda mrefu. Mwishowe nikaenda chumbani, nikakaa upande wa pili wa kitanda, nikamsaidia kukunja nguo.